Mstari Mwekundu

Kibandani, nyuma ya kioo, nageuza Kifaransa kuwa Kiswahili.
Mtaalamu anaelekeza kalamu ukutani:
miaka ya sabini mstari unapanda kama njia ya Ilboru,
themanini umekaa kileleni, unahema,
tisini unaporomoka.
"Silaha zinazouzwa nje kutoka kanda yetu," nasema kwa sauti yake,
"zimepungua nusu."

Makofi.
Makofi hayahitaji mkalimani. Nakunywa maji.

Baba mdogo Ndewirwa, kule Akheri,
ana kipande cha chuma pajani tangu Kagera.
Hakimo mstarini.

Mstari unahesabu zilizouzwa mwaka ule;
zilizokwisha fika, daftari lake liko wapi?
Bunduki si nyanya za Kilombero,
haiozi Jumatano kwa kukosa mteja Jumanne.
Inapakwa mafuta, inarithiwa,
inavuka mpaka bila risiti,
ikimkuta kijana ambaye babaye alikuwa hajazaliwa
ilipopigwa mhuri kiwandani.

Wakati wa chai mtaalamu ananishika mkono:
nina sauti tulivu, asema.

Jioni nampigia baba mdogo.
Mjini jua kali, namwambia, hakuna hata wingu.
"Inakuja," anajibu. "Paja limeshaniambia."