Taja Hesabu

Ngara, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipuri,
Alhamisi ya mwisho wa mwezi: viti vya plastiki
na chai tuliyochangia shilingi thelathini kila mtu.
Sharti ni moja, limeandikwa kwa chaki mlangoni:
Usiseme "nilijifunza" kabla hujataja hesabu.

Gatwiri alitangulia. Laki mbili na nusu,
za kukodisha majenereta kwa wenye arusi;
moja liko Kitengela hadi leo
kwa bwana mmoja asiyeshika simu.
Lekishon, laki tisa. Programu ya kutafutia watu mafundi wa mabomba.
Walikuja, alisema, wakapata fundi mzuri,
wakachukua nambari yake, hawakurudi tena.
Tulicheka. Naye akacheka, akifuta miwani
isiyokuwa na vumbi.

Kisha mimi.
Uji wa wimbi, nikasema. Kwenye chupa, ukifuka mvuke,
Upper Hill kabla ya saa mbili asubuhi.
Nikawapa ile Jumatatu ya lifti:
uji uliolala tangu Ijumaa, umechacha, umevimba,
chupa kumi na mbili zikapasuka kati ya orofa ya tano na ya sita,
na suti ya meneja wa benki ikanywa kifungua kinywa.
Kisa hiki nimekisimulia sana.
Najua pa kunyamaza, najua wataangua kicheko wapi.
Wakaangua.

Hesabu? Laki sita na elfu arobaini.
Za mama, za chama, za mwekezaji mmoja wa Kileleshwa
aliyeonja kijiko akasema utotoni mwake kulinukia hivi.
Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tunavyoambiwa.
Mimi daftari nilikuwa nalo,
la kompyuta, la rangi tatu,
na madeni ya wateja nikayapaka kijani
nikayaita faida.

Makofi. Ndipo mkono ukainuka huko nyuma,
karibu na tangi la maji.
"Hesabu haijatimia."

Musyimi.
Aliyekoroga sufuria saa tisa za usiku
mimi nikiwa nimelala, nikiota matawi Mombasa na Kampala.
"Ongeza elfu kumi na nane. Miezi miwili. Zangu."
Hakupaza sauti. Alishika karatasi iliyokunjwa mara nne
kama sisi wote; naye alikuwa na lake la kusema.

Nilitafuta mzaha, sikuupata.
Katika kisa changu chote, lifti, suti, benki,
yeye nilimwandika mstari mmoja na gesi na sabuni:
gharama nyinginezo.

Chini fundi aligonga chuma, akaacha, akagonga tena.
Nikatoa simu. Salio elfu moja mia mbili,
na kodi ya nyumba ni tarehe tano.
Nikatuma mia tano.
Simu yake ikalia mle mle chumbani, sote tukaisikia,
mlio mdogo, kama kijiko kilichogusa kikombe.

Akausoma ujumbe mpaka mwisho, hata ile sehemu ya ada.
"Imebaki kumi na saba na nusu," akasema.
Hakutabasamu, hakununa.
Akapita kati ya viti, akasimama nilipokuwa nimesimama,
akaikunjua karatasi yake.

"Kibanda cha chapati, Githurai," akasema.
"Elfu sabini na nne."