Kungoja Mikunjo

Niliteleza juu ya tembe, nikianua uwele;
mguu ukatangulia, mwili ukaufuata.
Sasa Daktari Mwaluko ainua picha dirishani:
kifundo changu, vipande vitano,
kama chungu alichokiangusha mtoto akanyamaza.

"Vyuma nje kwanza," asema, "vishike mfupa.
Ngozi iliyovimba hivi nikiipasua haitafunga.
Ikikunjamana, nitaingia na bamba na skrubu.
Ikishindikana, tutakigandisha kifundo:
hakitauma, wala hakitapinda."

Hakitapinda.
Nafikiria njuga zangu, zimening'inia msumarini kule Chihanga,
na kisigino kinavyoitangulia ngoma kusema.

Bei ya bamba nimeambiwa. Mbuzi sita.
Nimewaaga kwa simu.

Siku ya tisa, wodini Dodoma.
Mama Mchiwa, kitanda cha pili, ananicheka:
"Wenzio twaikimbia mikunjo kwa mafuta,
wewe waiomba!"

Kila alfajiri nabonyeza.
Kidole kinaacha shimo, shimo linakawia kujaa.

Leo nesi kaminya ngozi pembeni mwa chuma,
ikafanya mistari midogo, midogo,
kama tope la Bahi maji yakishaondoka.
Hakusema kitu. Akaandika kwenye faili:
Kesho. Asile.