Konzi Moja

Saa tano na robo usiku nilimpa mtangazaji karatasi.
Vituo arobaini na viwili kati ya mia moja na tisa.
Akasoma kwa ile sauti anayoiwekea akiba misiba na mipira:
"Kwa hesabu zetu, hakuna tena wa kumfikia."
Kwenye simu ya mwandishi wetu aliyeko Nansio
nikasikia pikipiki zinaanza kupiga honi.

Hesabu hiyo ni yangu. Niliijua kabla ya chuo,
Mwaloni, nyuma ya mama yangu Nyabise, mnunuzi wa dagaa.
Hakuwahi kumwaga gunia zima.
Alikunja mkono wa gauni, akauzamisha hadi kwapani,
akatoa konzi moja toka chini kabisa,
akanusa, akavunja mmoja kwa jino, akatema mchanga.
"Wa juu ni wa kuonyesha wageni. Gunia huulizwa kitakoni."

Nami nilizamisha wangu:
Bukindo, Murutunguru, Ukara upande wa Bwisya.
Nikapunguza mji, nikaongeza vijiji,
maana kura za mjini huwahi kufika, na anayewahi huonekana wengi.
Sikukosea.
Nalisema mapema, msije mkakaa kungoja anguko langu.

Ila saa hiyohiyo
sanduku la Irugwa lilikuwa ziwani, chini ya turubai,
Mwalimu Magesa amelikalia lisirushwe na mawimbi.
Kura mia mbili kumi na saba,
zimehesabiwa kwa chemli, hazijajumlishwa popote.
Mwendesha boti alikuwa na redio.
Jina la mshindi likapita juu ya maji.
Akapunguza moto. "Mwalimu, tugeuze? Petroli yenyewe hii."
Magesa alitazama alichokikalia.
"Sikutumwa mshindi. Nimetumwa sanduku."

Asubuhi mama alipiga. Hakunipongeza.
"Ulifika chini?"
Nilifika.
"Basi uliona kweli. Lakini mimi nikishaonja, bado napeleka mzanini.
Kuonja ni kwangu. Mzani ni wa mwenye gunia."
Akakata, salio lake halikai.

Saa nne Irugwa ikaingia:
mia moja ishirini na tisa, themanini na saba,
na moja iliyoharibika.
Desimali ya pili haikutikisika.
Mashine ilikwisha kuzipokea,
nami nikaziandika tena kwa kalamu, polepole,
hata ile iliyoharibika.