Mshiriki wa Saba

Saa tatu asubuhi, Kajaani, na nje bado ni usiku.
Maktaba imetupa meza karibu na mashine ya kahawa.
Bi Taimi Karppinen anavua glavu kidole baada ya kidole,
anaisogelea fomu ya ruzuku ya kuni
kama mtu anayebisha hodi ofisi asiyoijua.

Kazi yangu kutazama. Nimekatazwa kusaidia.

Vyumba vinavyotumika?
Anaandika: viwili.
Skrini inageuka nyekundu. Mkaaji mmoja, chumba kimoja.
"Samahani," anaiambia kompyuta.
Kisha ananigeukia, sauti chini:
cha pili ni cha kodiani ya Urho.
Baridi ikiingia, mbao zake hupasuka.
Nani anaipiga? Hakuna,
mwaka wa nne huu.

Daftari langu lina safu tatu:
alichofanya, alichosema, alipokwama.
Kodiani nimeiandika pembeni,
juu ya doa la kahawa.

Ofisini Joonas aliuliza, "Wangapi wako hivyo?"
"Mmoja."
Akapangusa ubao.

Alipangusa vizuri, sikatai. Lakini taa ikiupiga kwa upande
neno bado lasomeka.