Sare Saba

Jumatatu huniletea sare saba ndani ya gunia la sukari,
sita za samawati iliyokolea, moja nyeupe ya nahodha.
Wale wa gatini siwajui kwa sura. Nawajua kwa madoa:
huyu hupangusia mikono kwenye mapaja akila samaki,
huyu ana kalamu inayomvujia mfukoni,
huyu, Mulusa, mkono wa kulia umekakamaa,
sijui ni mafua, sijui ni kilio.

Wiki hii suruali ya Mulusa ni nyeusi hadi gotini.
Si matope. Matope ni mstaarabu, yakikauka hupukutika.
Hiki ni kitu king'ang'anizi,
kinanuka kama stovu iliyozimwa vibaya.

Ninafulia Usoma, upande wa pili wa uzio wa uwanja wa ndege,
kwa maji ya ziwa. Ya wapi mengine? Bomba la mtaani
hukohoa mara mbili, likanyamaza.
Nimechota beseni, juu yake pana utando,
zambarau, kijani, dhahabu, mzuri kuliko leso ya sikukuu,
na Akeyo wangu anaruka: Mama, upinde wa mvua umeanguka!
Sikumwambia.

Nikasugua. Doa likatoka surualini likaingia beseni,
beseni nikalimwaga, nikainama kuchota tena.

Jioni Mulusa akapita. Nikamtania:
Ulikuwa unachimba kisima cha lami?
Akacheka nusu, akageuka kutazama nyuma.
"Mama, ukiambiwa fungua vali, unafungua vali.
Saa tisa usiku, taa zote zimezimwa.
Kuyapakua mafuta machafu bandarini kuna malipo,
na ziwa halidai risiti."
Asubuhi yake daftari liliandikwa: hakuna tukio.

Ni chombo hicho hicho cha doria
kilichomkamata Onditi mwezi jana, jirani yangu,
wakamchomea nyavu mchangani mbele ya watoto wake.
Jicho la wavu ni dogo mno, walisema,
linanasa hata kisichostahili.
Nalo jicho lao?
Wavu wenyewe uliungua dakika kumi. Deni lake bado linawaka.

Omena wa juzi Akeyo kawasukuma pembeni ya sahani.
Wana ladha ya garimoshi, kasema,
na garimoshi hajawahi kulipanda.

Basi. Sare sita nimezisuuza kwa maji ya mvua,
yale ya pipa niliyokuwa nayaweka kwa chai.
Wavulana hawa hutumwa tu.
Shati jeupe nimeliacha la mwisho,
nikalifua kwa maji ya ziwa, yaleyale, na utando wake juu.
Sikuongeza kitu. Sikupunguza.
Nimelipiga pasi hadi kola ikasimama wima,
nikalikunja, kifua juu.

Mgongoni pana ramani hafifu, ya manjano.
Hataiona yeye.
Wataiona walio nyuma yake.