Mtafsiri wa Filamu, Buzebazeba

Ulikaa nyuma ya meza, maiki mkononi,
jenereta ikikohoa nje ya ukuta wa bati,
na sisi thelathini na kitu kwenye mabenchi
tuliolipa mia tano kuwasikia watu wa mbali
wakiongea Kiswahili cha Ujiji.

Mimi mbele kabisa, fulana ya kijani,
katibu wa tawi, mgawa kadi.
Wewe zambarau hadi kofia.
Mchana tulitukanana sokoni,
ukaniita chawa, nikakuita kibaraka,
kisha ukanikopesha sukari, nusu kilo, nilikuwa na wageni.

Filamu ilikuwa ya wanaume wawili na nyumba moja ya kupanga.
Mmoja askari mstaafu, anaiamini serikali
kama mtoto anavyoliamini paa.
Wa pili mshona suti; usiku anachapa vikaratasi vya kuipinga,
na chini ya cherehani ana barua
za mwanamume aliyevuka mpaka.
Ulitafsiri vizuri. Askari alitukana kwa Kiha,
tukacheka hadi benchi la nyuma likavunjika.

Halafu mshonaji akaisoma barua kwa sauti.
Midomo ikasogea.
Wewe ukanyamaza.

"Tafsiri, bwana!" akafoka Ntibashima. "Anasema nini?"

Sagika, nakujua tangu darasa la pili,
daftari moja tuligawana,
wewe kurasa za mbele, mimi za nyuma.
Yule mwalimu wa Kasulu alikuja kila Ijumaa
mpaka alipohamishiwa Newala,
na mwezi mzima hukugusa hata mgebuka.
Sikuuliza. Nilidhani kutouliza ni heshima.
Kumbe ni woga, umeazima kanzu.

"Anasema," ulisema polepole, "amemkumbuka."
"Nani?"
"Amemkumbuka, basi."

Kwenye skrini askari aliamka, akabandika maji ya chai.
Hakusema neno.
Petroli ikaisha hapo hapo, na watu wakadai mia tano zao.

Kesho yake, kikaoni, mtu alihoji
kama kibanda chako kinafaa kwa maadili ya mtaa.
Kalamu ya muhtasari ilikuwa mkononi mwangu.
Niliandika: Ajenda ya nne, paa la ofisi linavuja.

Jioni nikakuletea sukari, kilo nzima.
"Kura yangu lakini huipati," nilikwambia.
"Ndiyo maana barabara yenu ina mashimo."
Ukaiwasha filamu kuanzia kwenye barua.
Maiki uliizima. Ukanitafsiria yote, neno kwa neno,
na mara moja tu nilikukatiza:
yule mwalimu, jina lake nani?