Mwiko

Mnada wa pili, korosho zimelipwa,
nami nimepata fungu langu: mikorosho minne
aliyoniachia baba kule Kitangari,
laki moja na elfu arobaini, fundo la leso.
Chumba nimepata nyuma ya soko, Newala:
dirisha moja, ufunguo mmoja.
Kabati la vioo nimemwachia Bakiri,
na hotipoti sita ambazo hazijawahi kuuona wali.

Dukani wanaanza na seti.
Sufuria saba, kila moja tumboni mwa mwenzake.
Saba za nini? Mimi na Lukia ni matumbo mawili.
Nataka ya tatu na ya tano.
"Seti haivunjwi, dada."
Mimi nimetoka kuvunja seti ya miaka kumi na moja.
Namtazama tu, mpaka anazitoa.

Blenda, hapana; umeme wenyewe wa kubahatisha.
Kikaango cha maua, hapana.
Huku juu maji tunayanunua kwa ndoo,
kwa hiyo kila chombo nakiuliza kwanza:
wewe utaoshwa kwa kata ngapi?
Sahani mbili za bati. Bakuli la mboga.
Kisu kimoja, ila kikali, nimekijaribu kwenye ukucha
muuzaji akiona.
Mbuzi nimepata, wa kukunia nazi,
hali majani wala haogopi fisi,
meno yake nimeyapapasa moja moja.

Ungo nilimwachia Lukia achague.
Ana miaka tisa. Akauliza,
"Ukivunjika je?"
Wauzaji wakacheka hadi wakashika mbavu.
Utavunjika siku yake, mwanangu. Leo beba.

Chungu nikakipata kwa mama mmoja wa Kimakua,
alikigonga kwa kifundo cha kidole: ngo!
"Chenye ufa hakisemi hivi," akasema,
akanipa na mwenzake wenye ufa niusikie:
pwa.
Nikaijua ile sauti. Nimeishi nayo.

Kinu sikununua. Nyumba ya kupanga,
kinu cha uani kinatosha wote.
Zikabaki elfu sita na mia tano.

Jioni, mafiga matatu, maji yanatokota,
unga wa muhogo kiganjani, moshi machoni,
nanyoosha mkono wa kulia —
hewa.
Vyote hivyo, na mwiko nimesahau.

Kwetu mwiko hauazimwi usiku.
Utotoni nilidhani ndiyo sababu ukaitwa mwiko.
Nikasimama na unga wangu,
Lukia ananitazama kama anayesubiri jibu la hesabu.
Mlango wa pili ukalia. Bi Atanasia,
ambaye mchana salamu yangu aliijibu nusu,
akaunyoosha wake gizani: mweusi,
kichwa kimeliwa upande mmoja na sufuria za miaka.
"Songa. Njaa ya mtoto haina saa."

Nikasonga. Ukashika.
Tukala kwa dagaa wa nazi, tukiwa tumechuchumaa.

Nikauosha kwa kata moja ya maji.
Lakini chombo cha mtu hakirudi kitupu,
na mwiko hauna pa kubebea kitu.
Nikakwangua ukoko, kipande kizima, wa kahawia,
nikaulaza pale palipoliwa,
ukakaa.
Nikagonga.